Kazi nimeifanya miaka saba, leo naambiwa nimeizeekea

Asalaam aleikum Bi Somo, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkaazi wa Likoni, nina mume na watoto watatu. Nakuandikia nikiwa ndani ya feri kwa sababu nyumbani sitapata nafasi ya kuandika haya bila mtu kuniuliza nalia nini.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2005. Alama zangu zilikuwa nzuri, lakini baba alikuwa kibarua bandarini, akaugua, na mwaka uliofuata akatutoka. Mimi ndiye kifungua mimba. Nikakaa barazani na mama, asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai, mpaka wadogo zangu wanne wakamaliza shule. Chuo nilikwenda nikiwa na miaka 28, tena na mimba ya mtoto wa pili. Nikatoka na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Sijutii hata siku moja kuwasomesha wale watoto, Bi Somo. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nalaumu nyumbani kwetu.

Nina miaka saba sasa katika masjala ya ofisi moja ya umma hapa Mombasa, kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja. Ofisi sitaitaja. Masjala yetu ina faili nyingine za tangu kabla sijazaliwa, kamba zimeoza, majalada yanaachia vumbi la manjano vidoleni. Mwezi wa pili alikuja mzee mmoja kutoka Mtongwe, amekunja kikaratasi chenye nambari ya faili iliyofutika nusu. Madirisha mawili yalishamrudisha. Mimi najua nambari za zamani ziliandikwaje kabla ya mfumo kubadilishwa, nikaingia nyuma, nikaitoa faili yake baada ya dakika ishirini. Alinishika kichwa akaniombea dua. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ninaiweza.

Juzi wametangaza nafasi za kudumu, na pensheni juu. Nafasi ni zile zile za makarani wa masjala. Diploma ninayo, uzoefu wanaotaka ni miaka miwili, mimi nina saba. Sharti la mwisho: mwombaji asizidi miaka 35. Nikaenda saiba hata hivyo. Kijana akanijazia fomu, alipofika tarehe ya kuzaliwa akaandika 1987, kisanduku kikageuka chekundu na fomu ikagoma kuendelea. Akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nijaribu mwaka mwingine?"

Nilipomuuliza mkubwa wangu, aliniambia wanataka damu changa, kisha akaniomba wakifika niwafundishe. Mwaka jana nilifika mahojiano kwingine, huko hakukuwa na sharti la umri, lakini mmoja wa waliokaa mezani aliniuliza kama sioni nimechelewa, na watoto nitamwachia nani. Sikupata.

Sasa kuna mtu amejitokeza. Anasema kwa shilingi 40,000 atanipatia kitambulisho kinachosema nimezaliwa 1992. Mume wangu anasema nikubali, wengi wamefanya na wako kazini. Tangazo linafungwa baada ya siku kumi na mbili. Nikubali? Nilalamike? Na nikilalamika, si kandarasi yangu ndiyo itakufa?

Ni mimi wenu,
Karani wa Masjala, Likoni

*

Marahaba mwanangu, wa aleikumu salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale mzee wa Mtongwe alipokushika kichwa nimesimama kidogo.

Niyaondoe kwanza yale ya elfu arobaini, maana yana haraka. Usikubali. Wewe mwenyewe ni mtu wa faili, hebu fikiri kama mtu wa faili. Katika masjala hiyo hiyo unayofanyia kazi kuna faili yako, na ndani yake kuna nakala ya kitambulisho chako uliyoileta siku ya kwanza, imeandikwa 1987. Mwaka huo huo uko kwenye ushuru, uko kwenye hazina ya uzeeni, uko hospitali ulikojifungulia. Siku utakapopeleka karatasi inayosema 1992, utakuwa umeacha ushahidi dhidi yako katika kabati unalolifungua mwenyewe kila asubuhi. Kutoa habari za uongo ili upate kitambulisho ni kosa la jinai, na fedha za kumlainisha ofisa ni hongo. Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Vyeti vya watumishi wa umma vinakaguliwa sana miaka hii, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi huwafuata waliobainika na vyeti bandia mpaka warudishe mishahara yote waliyokula. Hao wengi anaowasema mumeo wanalala na wasiwasi huo, na hawawezi hata kudai kupandishwa cheo kwa sauti kubwa.

Lakini kuna sababu inayoniuma zaidi ya jela. Ukibadilisha mwaka wako, umekubali kwamba kosa lilikuwa kwako. Nami sikubali. Miaka ile uliyokaa barazani na mama yako hukuipoteza, wala huna haja ya kuificha. Mwenye wajibu wa kujieleza ni aliyeandika lile sharti.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza Serikali kumbagua mtu, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, na umri umetajwa pale kwa jina lake, pamoja na jinsia, ujauzito, dini, ulemavu na mengineyo. Si kwamba umri hauwezi kuwekewa mpaka kamwe. Kifungu cha 24 kinasema haki ya mtu inaweza kupunguzwa, lakini iwe kwa sheria, na kuwe na sababu ya maana inayolingana na hicho kinachopunguzwa. Tangazo la kazi si sheria. Mtu hawezi kuketi ofisini, akaandika 35 kwa sababu ndiyo nambari iliyomjia, ikawa imekwisha.

Mipaka mingine ina maelezo yake. Jeshi la Ulinzi huchukua makurutu wa kawaida wenye miaka 18 hadi 26, polisi 18 hadi 28, na watakwambia mafunzo yenyewe ni ya mwili na utumishi wenyewe ni mrefu. Unaweza kubishana nao, lakini angalau unajua unabishana na nini. Kazi ya masjala inataka nini ambacho mwanamke wa miaka 38 hana? Wakilijibu swali hilo kwa maandishi nitalisoma jibu lao kwa makini. Mimi silioni. Ninachokiona ni kwamba wewe huyo huyo umeifanya kwa kandarasi baada ya kuvuka 35 na hakuna aliyekwambia mikono imezeeka. Kwa mshahara mdogo unafaa, kwa pensheni hufai. Hilo ndilo wanalopaswa kulieleza.

Huenda wakakutajia hiyo pensheni yenyewe. Zamani mtumishi alihitaji kutumika miaka kumi ndipo aistahili, na ndiyo maana waajiri waliogopa kumchukua mtu aliyekaribia hamsini. Wewe uko mbali na huko. Umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, kwa hivyo una miaka 22 mbele yako. Tena tangu Januari 2021 watumishi wa serikali kuu wameingia katika mpango wa kuchangia: mfanyakazi alikatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza wa mpango, 5 wa pili, na 7.5 tangu wa tatu, na serikali humwekea asilimia 15. Kila mtu anavuna alichochangiwa. Anayeanza na miaka 38 hamli mtu mwingine chochote.

Sababu watakayoishika kwa nguvu ni vijana, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, mwanangu. Si sababu ya bure. Katiba inamhesabu kijana kuwa ni mtu aliyefikisha 18 na hajafika 35, na kifungu cha 55 kinaidai Serikali iwatafutie nafasi za kazi. Ukipita maskani za Likoni saa nne asubuhi unawaona, wana vyeti ndani ya mabahasha ya plastiki, wamekaa. Yule atakayeletwa umfundishe si adui yako. Lau tangazo lingesema nafasi kadhaa kati ya hizi zimetengewa vijana, na zilizobaki ni za kila mwenye sifa, jibu langu kwako lingekuwa tofauti kabisa. Kumwekea kijana sehemu yake ni haki. Kufunga mlango mzima ni jambo lingine, hasa ukikumbuka kuwa kifungu cha 232 kinataka ajira ya umma iende kwa ushindani wa haki na kwa ustahili wa mtu.

Sasa la kufanya, na siku zako ni kumi na mbili tu.

Omba kazi. Usiseme wamenikataa kabla hujaomba, maana siku ukilalamika neno la kwanza watakalosema ni kwamba hukuwa mwombaji. Rudi saiba kwa yule kijana, mwambie ajaze mwaka wako wa kweli mpaka kisanduku kiwe chekundu, apige picha ya skrini yenye tarehe, akuchapishie. Hifadhi tangazo lenyewe, ukurasa mzima, si kipande ulichotumiwa kwa WhatsApp. Kisha andaa maombi ya karatasi, uyapeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, nenda posta uyatume kwa rejista, risiti utunze. (Na wakikudai cheti cha mwenendo mwema na vile vya ushuru na mikopo pamoja na maombi, ujue Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri huviomba pale tu anapokusudia kukupa mkataba. Watu wamekopa fedha za vyeti hivyo kwa kazi ambazo hata hawakuitwa.)

Pamoja na maombi, peleka barua ya pili. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, kwa sababu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeruhusu Kiswahili na Kiingereza, na kuomba habari hakulipiwi. Iwe fupi, bila hasira, bila kusimulia maisha yako. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba kuelezwa kwa maandishi: sharti la kutozidi miaka 35 katika tangazo la karani wa masjala limetokana na sheria gani, ni hitaji gani la kazi hii linalolifanya kuwa la lazima, na kama wafanyakazi wa kandarasi wanaofanya kazi hii sasa wanahusika na sharti hilo. Nimeambatanisha maombi yangu ya kazi."

Basi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, au wakikujibu kwa maneno matupu, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi tunaiita Ofisi ya Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi. Kama mwajiri ni wa kaunti, una njia nyingine: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 77, inakuruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kuhusu uajiri na sifa zilizowekwa kwa kazi, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Nakusihi siku hizo 90 uziandike ukutani, kwa kuwa kesi nyingi nzuri hufa kwa kuchelewa tu. Juu ya hapo iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo ina kituo hapa hapa Mombasa, lakini mahakama ni safari ndefu na sitaki kukupa matumaini ya haraka. Unaweza kushinda hoja na nafasi zikawa zimeshajazwa. Ukifika huko, usiende bila wakili.

Nije kwenye hofu yako, na nimeiacha hapa kwa sababu ndiyo nzito. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema kulalamika si sababu halali ya kumfukuza mfanyakazi, ila malalamiko yakiwa ya ovyo yasiyo na msingi. Yako yana msingi. Lakini sitakudanganya: kukufukuza ni jambo moja, kuiacha kandarasi ikaisha bila kuiongeza ni jingine, na hapo kinga yako ni nyembamba. Kandarasi ya muda ikifika mwisho, kwa kawaida mahakama hazimlazimishi mwajiri kuirefusha. Kwa hivyo tazama tarehe ya kumalizika kwa yako kabla hujatuma chochote. Kusanya kandarasi zote saba, tathmini zako, na kama kuna barua au ujumbe wowote uliokupa kazi ya kufundisha wengine, uwe nao nyumbani. Za kwako tu lakini, usiguse faili ya mtu mwingine. Ukifanya haya, siku wakisema kazi yako haikuridhisha utakuwa na la kuwaonyesha.

Tena huna lazima ya kusimama peke yako mbele. Katika masjala na ofisi za jirani hukosi wenzako wa kandarasi waliovuka 35. Zungumza nao, mmoja mmoja, nje ya kazi. Barua yenye sahihi sita ina uzito mwingine, na mkubwa wenu hatajua amkasirikie nani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu hata shirika kupeleka shauri kwa niaba ya kundi la watu au kwa maslahi ya umma, majina yenu yasiwe mbele. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa, MUHURI, watetezi wa haki za binadamu, wako hapa tangu miaka ya tisini, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu nayo ipo. Nenda na lile tangazo na picha ya kisanduku chekundu, uwaulize kama wamepokea mengine ya namna hiyo.

Kuhusu yule aliyekuuliza watoto utamwachia nani: hilo hakumuuliza mwanamume aliyeingia baada yako. Siku nyingine ukiulizwa kama umechelewa, mtazame aliyeuliza umjibu, "Nina miaka 22 ya kutumika kabla ya kustaafu, na saba nimeshaifanya kazi hii." Usiongeze neno. Ukitoka nje, kabla hata ya kupanda matatu, andika swali lilivyoulizwa, tarehe, na nani walikuwa mezani.

Mumeo usigombane naye. Anaona mkewe anachakaa na kazi ya mwaka mmoja mmoja, na amekimbilia mlango wa kwanza aliouona wazi. Keti naye umwonyeshe hesabu: 40,000 za kumpa mtu asiyetoa risiti, kwa kazi inayoweza kurudiwa na mishahara yote juu yake. Kama fedha hizo kweli zipo ndani ya nyumba, zitakusukuma miezi kadhaa iwapo kandarasi haitaongezwa, na hapo utakuwa na nguvu ya kudai haki yako bila kutetemeka.

Jumatatu ukishuka feri, anza na saiba. Ukishagongewa muhuri, niandikie tarehe yake, tuzihesabu pamoja hizo siku 21. Nataka kuliona jibu lao.

Bi Somo